Nitajuaje kwamba sukari imeshuka kweli? Nimeanza dawa hivi karibuni

Mwalimu_Kihonda:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, na hivi karibuni nimegundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili. Kliniki wamenianzishia metfomini pamoja na glibenklamaidi, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, nilielezwa kwa kifupi tu kwamba nikiona dalili za sukari kushuka nilambe sukari. Kinachonisumbua ni namna ya kuzitambua dalili hizo. Kila ninapofundisha kipindi cha tatu mikono hunitetemeka hata maandishi yangu ubaoni hayasomeki, jasho hunitoka na njaa huniuma. Jumamosi hali kama hiyo ilinijia nyumbani, nikapima, mashine ikasoma 6.4, wakati siku nilipogundulika ilikuwa 19. Je, 6.4 ni kushuka? Kama si kushuka, mwili unatetemekea nini? Stripu ni ghali, kwa hiyo siwezi kupima kila mara.

Nesi_Mstaafu:
Pole, mwalimu, na umefanya vyema kupima badala ya kukisia. 6.4 haijashuka. Kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, sukari huhesabiwa kuwa imeshuka inapokuwa chini ya 4, au chini ya 70 kwa mashine zinazosoma kwa miligramu, na ikiwa chini ya 3 ni hatari, kwa sababu ubongo unategemea sukari ya kwenye damu saa zote.

Hata hivyo, unachokihisi ni cha kweli. Mwili uliokaa muda mrefu na sukari ya juu huizoea, hivyo dawa inapoirudisha karibu na kawaida, mwili hudhani imepungua mno na kumwaga adrenalini, ambayo ndiyo inayoleta mtetemeko, jasho na moyo kwenda mbio. Hali hiyo hupungua kadiri wiki zinavyopita na sukari inavyotulia. Ukilamba sukari kila unapotetemeka ukiwa na 6.4, utajirudisha kulekule kwenye 19.

Lakini kipimo cha Jumamosi hakiwezi kuisemea Jumatatu. Metfomini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamaidi ndiyo ya kuangaliwa, kwa kuwa huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala. Kidonge unameza saa ngapi, na chai unakunywa saa ngapi?

Mwalimu_Kihonda:
Siku za kazi nameza saa kumi na moja na nusu alfajiri, na chai tunaipata shuleni saa nne. Jumamosi nilikuwa nimekunywa chai na maandazi mapema.

Nesi_Mstaafu:
Basi hapo ndipo penye hatari. Kidonge hicho humezwa pamoja na mlo, si saa nne na zaidi kabla yake. Nenda nacho kliniki ukaeleze ratiba yako kama ulivyoieleza hapa, na stripu moja itumie katika kipindi cha tatu.

MamaTanga:
Shikamoo nesi. Kaka mwalimu, naomba niongeze la mume wangu, ambaye anatumia pia atenololi kwa ajili ya shinikizo la damu. Tulielezwa kwamba dawa hiyo huficha mtetemeko na mapigo ya moyo, na kweli kwake hubaki jasho peke yake. Mimi humtambua kwa namna anavyoanza kubishana juu ya jambo dogo, macho yakikutazama kama hayakuoni. Tafadhali mweleze mwalimu mwenzako mmoja, kwa sababu sukari ikishuka sana mwenyewe hukataa kwamba ana tatizo.

Mwalimu_Kihonda:
Nimepima leo darasani kabla ya kengele: 3.5. Nimelamba sukari na nimekula. Kesho asubuhi nakwenda kliniki.

Nesi_Mstaafu:
Hiyo imeshuka kweli. Ikitokea tena, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au kunywa nusu glasi ya soda yenye sukari. Chokoleti isiwe tegemeo, kwani mafuta yake huichelewesha. Pima baada ya dakika 15, urudie kama bado iko chini ya 4, kisha ule muhogo, ndizi au chapati, maana glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kuishusha tena baada ya saa kadhaa. Dalili zikija na mashine haipo, chukulia kwamba imeshuka. Huyo mwenzako aambiwe kwamba akikukuta hujitambui asikutie chochote mdomoni. Akulaze ubavu na kukuwahisha hospitali. Na kama unarudi nyumbani kwa kuendesha pikipiki, usiiwashe mpaka sukari ifike 5 au zaidi na dakika 45 zipite.