Hivi hii programu ya marejeleo ina ugomvi gani na Jamhuri ya Muungano?

Wakuu, nimetoka kutetea tasnifu sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Programu yenyewe mnaijua, ni ileile ya kupanga orodha ya vitabu mwishoni mwa tasnifu, tuliyoambiwa "wewe ingiza tu, itapanga yenyewe".

Imepanga! Mzee mmoja wa jopo kafungua marejeleo, kashusha miwani, kasoma kwa sauti: "Tanzania, J. ya M. wa." Kanyamaza. Kisha: "Kijana, huyu Tanzania ni mtoto wa nani?"

Ukumbi mzima chini. Yaani Jamhuri yenye jeshi na wimbo wa taifa imekatwa herufi, ikapangwa foleni kati ya Swai na Temu kama inasubiri sukari ya mgawo! TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, nayo imekuwa "Kiswahili, T. ya U. wa", iko K. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa katupwa B, eti ukoo wake ni "bin Haji". Hayo ningevumilia. Lakini mtoto wa nani?! Mbele ya mchumba wangu?

mkata_mkaa: Nimecheka mpaka konda kaniuliza kama naumwa. Tanzania J. kashaoa?

printa_ya_mama: Kosa lako. Pale kwenye mwandishi kuna visanduku viwili, cha jina la kwanza na cha ukoo. Pembeni kuna kitufe, ukikibonyeza vinakuwa kimoja. Jina la taasisi unaliweka humo zima zima, halikatwi.

mzee_wa_mabano: Sisi tunaopanga maandishi kwa LaTeX, jina la taasisi tunalifunga kwa mabano mawili mawili, tunalala usingizi.

Mleta uzi: Mngeniambia jana. Mzee kashauliza mtoto wa nani.

pwani_kwetu: Ila tuseme ukweli, majina yetu la pili ni la baba. Shaaban Robert mnamweka R, Robert si babake? Programu inadhani kila mtu ana ukoo.

mkata_mkaa: Kwa hiyo babake Jamhuri ni Tanzania. Mzee kajibiwa.

dada_wa_kozi: Afadhali yako. Mimi mwandishi mmoja nilimwingiza mara kwa herufi za mwanzo, mara jina kamili. Ikahesabu watu wawili! Msimamizi akaniuliza kama ni mapacha.

sina_mbavu: Kumbe msimamizi wako anasoma? Wangu ana miezi minne hajajibu barua pepe, ila picha za harusi anapenda zote.

dada_wa_kozi: Wako ana nafuu. Wangu kanirudishia sura ya pili, kumbe ni ya mtu mwingine.

sina_mbavu: 😂😂 Ukasahihisha?

dada_wa_kozi: Nikasahihisha.

kijana_wa_hosteli: Samahani kutoka nje ya mada, wapi wanabaindi jalada gumu kwa bei ya kibinadamu? Nahitaji nakala tano kabla ya Ijumaa.

printa_ya_mama: Njoo inbox. Maandishi ya dhahabu bei tofauti.

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu je?

kijana_wa_hosteli: Tanzania J., subiri kidogo, tunaongea bei.