MJADALA: Lutie wa Mtaa wa 116 alimtelekeza mwanawe. Nani anabisha?

Mla Vitabu
Wakuu, salaam. Nimemaliza *The Street* ya Ann Petry, ile riwaya ya Harlem, mtaa wa Weusi New York, ya mwaka 1946, na imenikaa kooni. Naisimulia yote, kwa hiyo asiyetaka kujua mwisho apite.

Lutie Johnson ni mama Mweusi aliyeachana na mumewe, ana mtoto wa kiume wa miaka 8, Bub. Wanakaa kwa baba yake Lutie, lakini hawara wa huyo baba, Lil, anamwonjesha mtoto pombe. Lutie anahama, anapanga vyumba vya giza ghorofa ya juu, Mtaa wa 116. Mchana ni karani, usiku anajaribu bahati ya kuimba. Jones, msimamizi wa jengo, anataka kumbaka, anamkosa, basi analipiza kwa kumfundisha Bub kuiba barua kwenye masanduku ya wapangaji. Mtoto anakamatwa. Wakili anadai dola 200. Lutie anakwenda kukopa kwa Boots Smith, mwanamuziki, naye anataka mwili kwanza. Lutie anamuua kwa kinara cha mshumaa, anachukua pesa za marehemu, anakata tiketi ya treni kwenda Chicago. Ya kwenda tu. Bub anabaki mikononi mwa serikali.

Kila mhakiki anasema mtaa ndio uliommaliza. Mimi naona huruma imezidi. Pesa si alikuwa nazo mkononi? Kwa nini hakwenda hata kumuaga mtoto? Karibuni, ila waliosoma.

Mzee wa Fremu
Mkuu umenena. Mimi niliisoma chuoni zamani, si yote, ila kosa nalikumbuka, na halikuanza Chicago. Lilianza pale alipomwacha mwanawe mdogo akaenda Connecticut kulala kwa Wazungu, kina Chandler, kumlea Henry wao. Na nauli anaibania, nyumbani anaonekana kwa nadra. Mwanamke anayeacha wake akalee wa watu, akirudi akakuta jikoni kwake kuna mwanamke mwingine, analia nini? Hata hapa kwetu tunawaona hao wanaokimbilia Uarabuni.

Mjukuu wa Bibi
Mzee wa Fremu, shikamoo, umri wako nauheshimu. Lakini hiyo sentensi ya mwisho ungeimeza tu.

Mama yangu alikuwa Maskati nikiwa shule ya msingi. Nimelelewa na bibi, Tanga. Ada, sare, bati za nyumba ya bibi, vyote vilitoka kwenye mikono iliyokuwa inasugua masufuria ya watu. Simu ilikuwa ya jirani. Ijumaa baada ya swala tunaitwa, tunapanga foleni mimi na wadogo zangu, kila mmoja anasema "mama sijambo, shikamoo" haraka haraka kabla salio halijakata. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaishia kwenye "mama". Na baba, ambaye hakukimbilia popote, alikuwa mtaa wa pili na mke mwingine. Huyo hujamtaja.

Jim, mume wa Lutie, naye hujamtaja. Lutie alikwenda Connecticut kwa sababu Jim hakupata kazi. Kabla ya hapo walikuwa wanalea watoto wa serikali nyumbani kwao Jamaica, kule Queens, wanalipwa, maisha yanakwenda. Baba yake Lutie akaleta ulevi na sherehe, watoto wakachukuliwa. Baba kaharibu, mume hana kazi, wa kubebeshwa lawama ni yule aliyeamka kwenda kufua na kupika.

Mzee wa Fremu
Marahaba binti. Mbona povu? Sikumtaja mama yako. Nimesema *hao wanaokimbilia*. Kama wako alikwenda kwa adabu zake na akatuma pesa, Mungu amlipe. Wapo wanaoacha mtoto ananyonya, hilo utalikataa?

Mjukuu wa Bibi
"Kwa adabu zake." Haya.

Mswahili wa Kibokoni
Loo, Harlem imefika Maskati hata chai sijamaliza.

Mimi ugomvi wangu ni na mwandishi. Huyu Petry si mtoto wa Harlem. Kwao ni Old Saybrook, huko huko Connecticut, babake mfamasia mwenye duka lake, yeye mwenyewe kasomea ufamasia. Harlem kaja 1938 kwa mlango wa ndoa. Binti wa duka la dawa ataniambia nini kuhusu njaa? Halafu hebu niambieni, mle ndani pana mwanamume hata mmoja mwenye afadhali? Jim mzinzi, baba mlevi, Jones mbakaji, Boots kuwadi, wakili tapeli. Mzungu Junto akauawa, sawa, alistahili, lakini sisi wengine je?

Kinyozi Msomaji
Junto HAKUUAWA. Jamani! Aliyeuawa ni Boots, Mweusi mwenzake, mwajiriwa wa Junto, aliyekuwa anamwandalia bosi wake huyo Lutie. Junto ndiye mwenye baa, mwenye ukumbi wa muziki, mwenye jengo lenyewe analopanga Lutie, na ndiye bwana wa biashara ya wasichana wa Bi Hedges, mpangaji wa chini anayeshinda dirishani. Kitabu kinaisha yuko hai, kesho anafungua baa kama kawaida. Lutie alipiga kile kinara akiona sura za wote waliomkandamiza, lakini kilichokuwa mbele yake kilikuwa kichwa cha mtumwa wao. Ukimuua Junto umesoma kitabu kingine.

Na hilo la duka la dawa liache. Petry alikuwa mwandishi wa habari Harlem, kwanza Amsterdam News, kisha People's Voice, na alifanya kazi na watoto wa shule pale pale. Kisa cha msimamizi wa jengo anayefundisha mtoto kuiba barua alikitoa gazetini. Na usisahau ameandika muda mfupi baada ya ghasia za Agosti 1943, polisi mzungu kampiga risasi mwanajeshi Mweusi, Harlem ikawaka usiku kucha. Alikuwapo mjini.

Mswahili wa Kibokoni
Boots, Junto, maiti ni maiti. Hujanijibu la wanaume.

Mla Vitabu
Wakuu, mada ni CHICAGO. Alimtelekeza au hakumtelekeza?

Mama Kulwa
Mimi mniache na taa kwanza, Chicago nitakuja.

Bub anaogopa kubaki peke yake kwenye vile vyumba. Mama akitoka usiku, anaacha taa inawaka. Mama anarudi, anachosema ni bili ya umeme. Hampigi, hamtukani, anasema tu pesa, pesa, pesa. Na mtoto wa miaka 8 anaelewa kwamba hata woga wake unaongeza matumizi ya nyumba. Ndiyo maana anatengeneza kisanduku cha kung'arisha viatu akakaa barabarani. Mama akimkuta anamzaba kofi, kwa sababu anaona ndipo wazungu wanapotaka kila mtoto Mweusi aishie. Mtoto hajui hayo. Anajua tu kwamba ametafuta hela na amepigwa. Jones akija na habari ya kazi ya barua, eti tunawasaidia polisi kumnasa mwizi, mwanzoni mtoto anakataa. Anakubali baadaye, mama alipovunjika moyo na mambo ya kuimba bila malipo.

Nilikisoma usiku, asubuhi yake nikajisikia nikimwambia Kulwa "zima taa hiyo, LUKU inaisha". Nilinyamaza nusu siku.

Halafu huyo wakili. Hakuhitajika! Kesi ya mtoto kama ile haikutaka wakili, na wakili mwenyewe anajiuliza kimoyomoyo mbona huyu mama hajui. Akanyamaza, akataja dola 200. Boots asingekufa, Chicago isingekuwapo, kama mtu mmoja mwenye tai angesema sentensi moja ya kweli. Mla Vitabu unamuuliza Lutie, muulize huyo.

Mla Vitabu
Mama Kulwa, hilo la wakili ni zito, lakini baada ya kuua bado alikuwa na hiari.

Mzee wa Fremu
Zima taa ni malezi, si unyanyasaji. Siku hizi kila kitu ni jeraha. Mimi nimezimiwa vibatari na nimekua.

Na msinifanye mimi ndiye mbaya wa wafanyakazi wa ndani. Kwangu yupo dada wa kazi, mwaka wa ngapi huu sijui, anakaa kama mwanangu, tunamlipa vizuri. Ana mtoto wake kijijini, analelewa na bibi yake, hajawahi kulalamika hata siku moja.

Mjukuu wa Bibi
Subiri kwanza.

Rudia hapo, mzee wangu. Dada anayelala kwako ana mtoto, na mtoto yuko kwa bibi, na dada analea wa kwako?

Mzee wa Fremu
Ni makubaliano yetu na wazazi wake. Usipindishe.

Mjukuu wa Bibi
Sijapindisha, nimekusomea. Huko juu ulisema mwanamke anayeacha wake akalee wa watu asilie. Huyo wako anaruhusiwa kulia au mkataba haujasema?

Kinyozi Msomaji
Hapa ndipo kitabu kilipo kwa kweli, watu wanafikiri tumetoka nje ya mada.

Sheria ya pensheni ya Marekani ya 1935 iliacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya 1938 nayo ikawaacha. Na kazi hizo mbili ndizo Weusi wengi walizokuwa nazo. Wa majumbani waliingizwa kwenye kima cha chini mwaka 1974, kitabu kina miaka 28. Mwaka 1935 Ella Baker na Marvel Cooke waliandika kwenye jarida la The Crisis juu ya wanawake Weusi waliokuwa wanasimama kwenye kona za Bronx wakingoja mama wa Kizungu aje awachague kwa saa, na bei yenyewe ni ya kugombania. Kwa hiyo Lutie kulala kwa Chandler lilikuwa afadhali katika yaliyopo. Mnamhukumu kana kwamba alichagua kati ya mtoto na starehe.

Mswahili wa Kibokoni
Kinyozi unatusomea sheria. Basi ni rangi au ni umaskini? Maana pale kwenye chumba cha kungojea, alipokwenda kumwona Bub kizuizini, Lutie mwenyewe anawaona mama wa Kizungu wamekaa wameinama vile vile, anafikiri labda sote tuko hapa kwa sababu ni maskini, labda rangi haihusiki. Maneno yake, si yangu.

Kinyozi Msomaji
Anafikiri "labda". Halafu ukurasa wa mwisho, ndani ya treni, anakumbuka nini? Mwalimu aliyeuliza kwa nini walimu wanasumbuliwa kuwafundisha watu wa aina yake kuandika. Mama wa Kizungu wa kile chumba hakuambiwa hivyo.

Mswahili wa Kibokoni
Vyote viwili basi, tufunge.

Kinyozi Msomaji
Hatufungi. Ukisema vyote viwili kwa haraka hivyo unakwepa. Junto ni mzungu lakini pesa kaanza kuzitafuta kwenye majalala, pamoja na Bi Hedges. Yeye kapanda hadi kumiliki majengo. Bi Hedges, mwenye akili kuliko yeye, kabaki dirishani na makovu ya moto. Safari moja, mwanzo mmoja.

Mama Kulwa
Hapo kwa Bi Hedges nakuunga mkono.

Sasa Chicago. Mla Vitabu, Lutie anasema Bub ni heri asiwe na mama kuliko kuwa na mama muuaji. Unaweza kumpinga, mimi nampinga, mtoto aliyekuwa anaogopa giza ungemwambia lolote angekuja mbio. Lakini ni mawazo ya mtu ambaye kila akishika mlango unafungwa. Kusoma kupiga taipu usiku baada ya kutoka kwenye dobi, miaka, hadi ukarani. Amemsadiki Benjamin Franklin, yule Mmarekani aliyeingia mjini na mikate mkononi akaja kutajirika: fanya bidii weka akiba utatoka. Hakutoka.

Mla Vitabu
Kwa hiyo unakubali alimtelekeza.

Mama Kulwa
Nakubali alimwacha. Hilo neno lako lina hakimu ndani yake.

Mzee wa Fremu
Bado nasubiri mtu aniombe radhi kwa kunifananisha na kina Chandler. Kina Chandler walikuwa matajiri, ndugu yao akajipiga risasi sikukuu ya Krismasi mbele ya mti wakaenda kusema ni ajali ya bunduki. Mimi nina fremu moja ya vifaa vya umeme.

Mjukuu wa Bibi
Kiasi gani, mzee? Ulisema mnamlipa "vizuri". Amri ya mishahara ya Tanzania ya 2013 iliweka shilingi 40,000 kwa mwezi kwa anayelala ndani, na imepandishwa tangu hapo. Uko wapi kwenye hiyo? Na Jumapili anatoka?

Mzee wa Fremu
Mambo ya nyumbani kwangu hayahusiani na Harlem.

Mswahili wa Kibokoni
Anakula mezani nanyi au jikoni? Nauliza tu.

Mzee wa Fremu
Anapenda jikoni mwenyewe.

Mla Vitabu
Basi nabadilisha kichwa cha mada: "Mzee wa Fremu analipa kiasi gani". Aliyesoma hadi mwisho na ana hoja ya Chicago aje inbox, hapa nimesalimu amri.

Mswahili wa Kibokoni
Badilisha. Na mimi ngoja nimuulize mke wangu wetu tunampa ngapi, maana kusema kweli sijui.