Tupeane uzoefu: kupanga Dar moja kwa moja kwa mwenye nyumba, bila dalali

Jumamosi Mbili
Wakuu, leo kwenye geti moja la Kijitonyama kuna kibao kimeandikwa kwa chaki: NYUMBA INAPANGISHWA, DALALI HATAKIWI. Nikakumbuka kwamba watu wengi bado wanatoa kodi ya mwezi mzima kwa kazi ambayo mtu akitenga Jumamosi mbili anaimaliza mwenyewe. Piga hesabu. Chumba na sebule cha 200,000, mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo 1,200,000. Dalali anataka 200,000 yake juu. Kabla ya hapo ameshakukamua elfu kumi kumi za kuonyeshwa, na nyumba nyingine alizokupeleka zilishapata watu wiki iliyopita.
Mnaojua njia ya kukwepa, mwageni. Mnaanzia wapi, mnakagua nini, na pesa inatoka mfukoni hatua ya ngapi?

Mama Wawili
Chagua mtaa kabla ya kuchagua nyumba. Ukisema "nataka popote kati ya Sinza na Goba" utarudi kwa dalali tu, maana huwezi kutembea eneo lote hilo. Chukua mitaa mitatu inayopakana, tembea kwa miguu. Nyumba tupu inajulikana: dirisha halina pazia, kamba za nguo zimelegea, majani yameota mlangoni.
Kisha muulize Mangi wa dukani. Mangi anajua nani anahama mwisho wa mwezi kwa sababu anamdai. Muuza genge pia anajua. Bodaboda wa kijiweni mwache wa mwisho, wengi wao ni madalali waliovaa helmeti.
Rudi mara ya pili saa mbili usiku. Baa iliyolala mchana usiku inaamka.

kobe_wa_Kimara
Hahaha madalali waliovaa helmeti. Nakazia.

Fundi Tangi
Watu wanaingia nyumbani wanaangalia vigae na jipsam. Vigae havikukatii maji. Kagua hivi.

Maji. Mwambie mwenye nyumba azime pampu, halafu fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja. Yakitoka kwa nguvu ya kawaida, tangi liko juu vya kutosha. Yakitoka kama mkojo wa paka, siku umeme ukikatika utabeba ndoo. Uliza simtanki ni la lita ngapi na linahudumia milango mingapi. Lita 1,000 ni ndoo 50 za lita 20. Familia nne zikifua siku moja, ndoo hizo hazifiki jioni. Uliza pia kama ni maji ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) au ya kisima. Ya kisima onja, kisha pata sabuni unawe. Povu likikataa, ni maji ya chumvi, na hita yako na mashine ya kufulia vitaoza mapema.

Choo. Mwaga ndoo mbili mfululizo. Maji yakipanda kwanza ndipo yashuke taratibu huku yakibwabwaja, shimo limejaa au bomba limeziba. Hapo ndipo unauliza: gari la kunyonya analipa nani? Jibu liandikwe.

Kuta. Rangi mpya iliyopakwa kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti tu inaficha chumvi na unyevu. Angalia nyuma ya mlango na ndani ya kabati la ukutani, huko fundi rangi huwa hafiki. Nje tafuta mstari wa matope kwenye fensi. Na ukiona mlangoni kumejengwa kizingiti cha tofali mbili ambacho nyumba za jirani hazina, usiulize ni cha nini. Masika ya Machi hadi Mei yatakuonyesha.

Umeme. Nenda na tesa (bisibisi ya kupima umeme) na chaja ya simu, jaribu kila soketi. Washa taa zote halafu chomeka pasi. Taa zikififia sana, kuna waya umelegea au nyaya ni nyembamba kuliko mzigo.

Tesa Mkononi
Umesahau LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na ndiyo inayogombanisha wapangaji. Ukiwa bado unakagua nyumba, omba namba ya mita na ununue umeme wa 5,000 hapohapo kwa simu yako. Usione uchungu, hiyo ndiyo ada yako ya ukaguzi. Halafu soma ujumbe mstari kwa mstari: uniti ngapi, VAT, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3, kodi ya jengo, na kama kuna deni.
Kwa mita ya kawaida (T1) uniti ni 292, ukijumlisha makato yote inafika 350 na kitu. Kwa hiyo 5,000 inatoa uniti 14 na pointi kidogo. Kama mwezi huo kodi ya jengo haijakatwa, 1,500 inaondoka kwanza, unabaki na karibu uniti 10. Ukipata chini sana ya hapo, kuna deni la mtu mle ndani na utalilipa wewe.
Na kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Serikali ilianza kuikata kwenye LUKU mwaka 2021 kwa urahisi wa kukusanya tu, haikukuhamishia wewe mzigo. Ni 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Mwambie mapema aipunguze kwenye kodi yako ya pango.

kobe_wa_Kimara
Mwenye nyumba gani Dar atakutolea 18,000? Atakwambia kahamie kwa TRA, kwa watoza kodi wenyewe.

Tesa Mkononi
Akikataa, iandikwe kwamba umekubali kuilipa. Ugomvi unatokana na kutoandika, siyo 18,000.

Mama Wawili
LUKU ya pamoja je? Nyumba tatu mita moja, "mnachangia sawa kwa sawa"?

Tesa Mkononi
Ikimbie, au ununue mita ndogo ya kufunga kwenye laini yako. Mita ya D1 (ya matumizi madogo) inapata uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, kama 120 kila moja. Familia tatu zinazimaliza kabla ya tarehe kumi na tano, baada ya hapo bei inaruka mara tatu na nusu. Mwenye taa mbili anamlipia mwenye friji, pasi na jiko la umeme. Huo mkataba wa sawa kwa sawa ni sawa kwa mwenye friji.

Dalali Msomi
Naona mnatutukana tu. Haya, nani atawaambia kwamba nyumba ile mwenye nyumba ni mlevi, ile jirani mchawi, ile ina kesi? Dalali anajua. Mwezi mmoja wa kodi unanunua habari.

Jumamosi Mbili
Unanunua habari ambayo anaificha mpaka umeshalipa. Dalali analipwa nyumba ikichukuliwa, halipwi kwa kukuzuia usiichukue.

Dalali Msomi
Siyo wote. Na ninyi mnaojipeleka wenyewe ndio mnaopangishwa na shemeji wa mwenye nyumba.

Mjumbe Mstaafu
Hapo kwa shemeji dalali amesema kweli, msimcheke. Ukiondoa dalali katikati, swali la kwanza siyo nyumba nzuri au mbaya. Ni huyu unayeongea naye ni nani. Na hatari haiko kwa tapeli wa mtandaoni peke yake, iko kwenye nyumba ya urithi. Ngoja nieleze inavyokwenda, maana mchezo huu una hatua zilezile kila mara.

Mzee kafariki, kaacha nyumba Tabata au Mwananyamala yenye vyumba sita na watoto watano. Kaka mkubwa anaishi mlemle ndani. Ana funguo, majirani wanamwita baba mwenye nyumba, ankara ya maji ina jina la ukoo wake. Unakuja bila dalali, unamkuta kibarazani, mnaelewana vizuri. Anataka mwaka mzima, na kwa sababu "wewe ni mtu mwema" anakupunguzia: badala ya 250,000 anachukua 200,000. Unatoa 2,400,000 mkononi, anakuandikia kwenye karatasi ya daftari. Unapaka rangi, unafunga wavu wa mbu, unaweka tangi lako.
Mwezi wa tatu anashuka dada kutoka Mwanza na Fomu namba IV ya Mahakama ya Mwanzo. Yeye ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Anakuuliza kwa sauti ya upole kabisa: kodi ulimlipa nani? Kaka wakati huo hapokei simu. Dada hana ubaya na wewe, ila nyumba inauzwa wagawane, na aliyepokea pesa zako hakuwa na mamlaka ya kupangisha hata banda la kuku. Na hapo bado hujakutana na mpangaji wa pili, ambaye mdogo wao wa mwisho alimpokea kodi ya chumba kilekile.

kobe_wa_Kimara
Eeeh! Sasa mpangaji anafanyaje? Pesa imekwenda?

Nyali Bichi
Hadithi hii hata Mombasa iko, ila sisi hasara ni ndogo: kodi mwezi mmoja na depoziti ya mwezi mmoja, ukiibiwa umeibiwa miezi miwili. Nyinyi mwaka mzima kwa mkupuo mbona mnakubali?

Mama Wawili
Tunakubali kwa sababu tukikataa anakuja mwingine jioni na pesa kamili.

Wakili wa Uchochoroni
Mpangaji huyo hajafa. Pesa anamdai aliyeipokea, kwa ile karatasi ya daftari, ndiyo maana karatasi iwe na maana. Na msimamizi wa mirathi naye haruhusiwi kutupa vyombo nje au kubadilisha kitasa usiku. Kumwondoa mtu kwa nguvu bila amri ya mahakama au baraza ni kosa. Njia ni kwenda Baraza la Kata wawasuluhishe. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kata inasuluhisha tu, haiamui. Ikishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.
Ila kinga ni rahisi kuliko kesi. Nyumba ya urithi: omba Fomu namba IV, linganisha jina na kitambulisho cha taifa (NIDA) cha anayesaini. Nyumba ya wanandoa: wote wawili wasaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja kuuza, kuweka rehani au hata kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Watu wanadhani ni kwenye kuuza tu.

Fundi Tangi
Kumbe na kupangisha? Hiyo mpya kwangu.

Jumamosi Mbili
Je, niombe hati ya nyumba?

Mjumbe Mstaafu
Ukiomba hati uswahilini utachekwa. Nyumba nyingi zina leseni ya makazi, au karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, basi. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, useme unahamia nyumba ya fulani, unataka kujitambulisha. Mtendaji au mwenyekiti ataropoka mwenyewe: "ya fulani? Ile ina mgogoro." Kisha waulize wapangaji wawili waliomo: kodi mnampa nani? Wakitaja majina mawili tofauti, umeshapata jibu.

kobe_wa_Kimara
Mjumbe wa shina hatoshi?

Mjumbe Mstaafu
Anatosha kama shahidi na kwa kukujulisha nani ni nani. Muhuri uko ofisi ya mtaa.

Bibi Kitasa
Kulipa. Usilipe mkononi. Lipa benki au kwa simu, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha liwe lilelile la kwenye NIDA na kwenye mkataba. Akisema "tuma kwa namba ya mwanangu", acha. Hata kama ni mwanawe kweli.
Na siku ya kukabidhiwa funguo badilisha vitasa vyote vya nje. Aliyehama ana funguo, fundi ana funguo, shemeji ana funguo. Vitasa vya zamani vifunge kwenye mfuko, umrudishie mwenye nyumba ukihama.

Wakili wa Uchochoroni
Bibi, kubadilisha kitasa bila kumwambia ni ugomvi mwingine. Mwambie kwanza.

Bibi Kitasa
Nimwambie ili aombe funguo ya akiba? Hapana baba.

Dalali Msomi
Sasa mkataba nani anawaandikia? Mimi ninao tayari, elfu kumi tu.

Wakili wa Uchochoroni
Mkataba wa dalali ni fotokopi ya fotokopi, bado una jina la mpangaji wa zamani. Ukurasa mmoja na nusu wa Kiswahili unatosha: majina na namba za NIDA, nyumba iko mtaa gani, kodi kwa tarakimu na kwa maneno, imelipwa kuanzia tarehe ipi hadi ipi, usomaji wa mita ya maji siku ya kuingia, na nani anatengeneza nini. Bomba la ndani ya ukuta, paa na shimo ni la mwenye nyumba. Taa na koki iliyovunjwa na watoto ni lako.
Kodi kupanda ndiyo wengi wanaacha wazi. Hakuna tena sheria ya kudhibiti kodi: ile ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo andika "haitapanda ndani ya kipindi hiki, na taarifa itolewe miezi miwili kabla". Mashahidi wawili, mmoja kila upande. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa 2,400,000 ni 24,000. Bila stempu mkataba haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipie pamoja na faini.

Mama Wawili
Miezi mitatu inapatikana lakini uombe vizuri. Usiseme "sina". Sema "nalipa mitatu leo, mitatu mingine tarehe fulani, tuiandike". Nyumba iliyokaa tupu miezi miwili, mwenyewe atakubali.

Nyali Bichi
Mimi ningeomba mmoja mmoja.

Mama Wawili
Utaomba mpaka ulale stendi.

kobe_wa_Kimara
Tuache yote. Mkuu Jumamosi Mbili, kile kibao cha Kijitonyama kilikuwa na namba ya simu?

Jumamosi Mbili
Hakina. Ni kugonga geti. Nenda kabla ya saa kumi jioni, baada ya hapo mbwa wanafunguliwa.

Dalali Msomi
Geti jeusi, karibu na mashine ya kusaga? Lile nina funguo zake.