Pointi za hoteli: ni za mwenye kulala ao za mwenye kulipa?

Wandugu wa Lubum (Lubumbashi) na nyie wengine mnaoishi na valizi mkononi, hii jambo tuiongee wazi juu imeanza kugombanisha watu kazini. Kuna yaya mmoja, ni mkubwa wetu, ana sosete ya vifaa vya mine, watu wake wanasafiri kila mwezi, Kinshasa, Kolwezi, Lusaka. Juzi akasema mbele yetu kama kuanzia sasa kila pointi mfanyakazi anapata kwenye karte ya hoteli (ile karte ya mteja, ukilala wanakuhesabia pointi za kulipia baadaye) ni mali ya sosete, airudishe, na mwenye kukataa ni sawa na mtu anaekula kamisio kwa siri. Watu mingi wakakubali. Mie nakataa, na yaya namuheshimu.

Tupime kwanza hiyo mali yenyewe ni kiasi gani. Karavia, hoteli yetu ya hapa, ni Pullman, na Grand Hotel ya Kinshasa ni Pullman pia, zote ziko kwa Accor, kampuni ya hoteli, kwa hiyo mtu wa hapa karte yake ya kwanza mara nyingi ni hiyo. Na njo rahisi kuhesabu: mwanachama wa mwanzo kwenye Pullman anapata pointi 25 kwa kila euro 10, na pointi 2000 zinakukatia euro 40 kwenye fakture. Maana yake ulale mpaka fakture zifike euro 800, ndio urudishiwe 40. Marriott, kampuni ingine ya hoteli, haiko vile, wanakupa pointi 10 kwa dola 1 kwenye hoteli zao nyingi lakini chumba cha kulipia na pointi bei yake inapanda inashuka sawa nyanya sokoni, tangu 2022 waliacha ile tabo ya bei iliyosimama, leo unaona pointi zako zinatosha usiku 2, mwezi ujao hazitoshi hata 1. Basi kama safari zako ni Kinshasa na hapa, chukua Accor. Kama unavuka mupaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia kila mara, Marriott itakufaa zaidi, juu hoteli za Protea waliinunua tangu 2014 na Zambia Protea haikosi.

Lakini ukiniuliza mie, faida kubwa haiko kwenye pointi, iko kwenye grade, ile daraja hoteli inakupa ukilala kwao sana. Na grade inahesabiwa kwa usiku: Marriott usiku 10 kwa mwaka ni Silver, 25 Gold, 50 Platinum. Hapo njo napotaka yaya asikilize vizuri. Usiku 50 ni karibu miezi 2 ambayo watoto wangu wanalala baba hayuko. Sosete inalipa chumba, sawa, lakini sosete hailale. Kontable hawezi kulala Lusaka kwa niaba yangu. Hata programu zenyewe zinaandikisha mtu na jina lake, haziandikishe biro.

Na ile grade inasaidia sosete pia. Mwaka jana nilifika Lusaka saa tano ya usiku, nilikuwa nimekaa mupakani tangu asubui, vumbi mpaka kwenye masikio. Kesho yake mkutano ulikuwa saa tatu, ukasogezwa saa nane. Kawaida ungetoka chumbani mapema na ukae na valizi kwenye viti vya resepsio, shati imekunjamana, ao ulipe nusu siku. Dada wa resepsio akaangalia karte yangu ya Gold akasema baba, chumba kiko, kaa mpaka saa nane. Nikanawa, nikapiga pasi shati nyeupe, nikasoma kontra mara ya mwisho, mulangoni kuna teksi, mkutano ulikuwa karibu. Kontra ilisainiwa na patroni hakulipa hata franga moja ya ziada.

Wengine mtasema sheria. Sawa. Ujerumani mwaka 2006 korti kuu ya kazi iliamua kama maili za ndege mfanyakazi alizopata kwa safari zilizolipwa na patroni, patroni ana haki ya kuziomba. Marekani wao mwaka 2001 waliandika sheria inayoruhusu watu wa serikali kujiwekea zile wanazopata kwenye misio. Inchi mbili zenye akili, majibu mawili. Kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia ni wizi kana kwamba dunia yote ilishakubaliana.

Sasa wizi uko wapi? Uko, na nimeuona. Kulikuwa na mwenzetu mmoja, hoteli ya dola 90 iko hapo na ni safi, yeye anaenda ya 160 ili ahesabiwe usiku wake. Hiyo ni kuiba. Tena kuna mbaya zaidi: mnaenda watu 3, mkubwa wa safari analipa vyumba 3 kwa karte yake, na Marriott inakubali mtu avune pointi za mpaka vyumba 3, basi zote zinamwingia yeye. Wale vijana wawili walioamka naye saa kumi ya asubui hawapati kitu. Yaya, pigana na hiyo, mie nitakuwa nyuma yako.

Dawa yake si kunyanganya. Sosete iandike bei ya mwisho kwa kila mji, mtu achague hoteli chini ya hiyo bei, kila mtu atoe karte yake mwenyewe kwa chumba chake, basi. Na yaya ajue pia kama reservasio ikipita kwa sait ingine isiyo ya hoteli yenyewe, mara nyingi hoteli haitoe pointi hata moja, hapo atamudai mtu kitu ambacho hakijazaliwa.

Kwa watu wa serikali mie nakaza zaidi: ile ni feza ya kodi yetu, hoteli ichaguliwe na biro, asichague mwenye kusafiri. Pointi za usiku wake akae nazo.

Sasa, wenye sosete mko humu: nani alishaweka hii kwenye kontra ya kazi? Mtuandikie maneno yenyewe yalivyo, na kama wafanyakazi walisaini bila shida ao waligoma.