Tupeane uzoefu: supu uliyoipika mwenyewe ikakutuliza

Wakuu, habari za usiku. Naandika huku sufuria iko jikoni, inatokota polepole. Wiki hii imenitesa. Nimerudi sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu. Kwenye friji nikakuta mabaki ya kuku, mgongo na shingo, nikayatia maji baridi, kitunguu kizima na ganda lake, karoti, na tangawizi niliyoiponda kwa hasira. Iko motoni kwa saa 2 nzima sasa. Hata kijiko sijaonja, lakini nyumba inanukia na mabega yameshalegea.

Nani mwingine yamemkuta haya? Ya mgahawani sitaki. Nataka uliyoipika mwenyewe.

*Mchangiaji wa 1*
Mimi nilianza baada ya kung'olewa jino. Kutafuna siwezi, njaa inauma, nikachemsha boga na vitunguu, nikamimina kwenye blenda vikiwa vya moto. Mfuniko ukaruka! Ukuta ukawa wa njano mpaka darini. (Mnaoanza: mvuke ukikosa pa kutokea unausukuma mfuniko. Acha ipoe kwanza, na usijaze blenda zaidi ya nusu.) Lilipona bakuli moja. Nililinywa nimekaa sakafuni, nacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

*Mchangiaji wa 2*
Kwetu supu alikuwa anapika marehemu baba. Hakuwa mtu wa maneno. Mkigombana asubuhi, jioni unakuta bakuli lako mezani limefunikwa kwa sahani, yeye yuko zake anasikiliza redio. Kuomba radhi kwake kuliishia hapo, na nilikuwa namwelewa.

Alipofariki nikajaribu kuipika. Mara tatu ikatoka maji ya chumvi yenye ukungu. Mara ya nne ndipo nikakumbuka alivyokuwa akisimama pale, anaengua povu kijiko kwa kijiko bila haraka. Mimi nilikuwa nachochea moto, povu na mafuta vinavurugika humo humo. Nikapunguza moto, nikavuta kiti, nikakaa nayo saa 3. Haikuwa ya baba. Ilikaribia, na nililia kidogo, sioni aibu kusema.

*Mchangiaji wa 3*
Poleni, ila mnaipamba mno. Mafua hayaponi kwa supu.

*Mchangiaji wa 4*
Hayaponi, mkuu, nakubali. Lakini mwaka 2000 daktari Stephen Rennard wa Nebraska, Marekani, alitoa utafiti wa supu ya kuku iliyopikwa kwa mapishi ya ukoo wa mkewe. Maabara ilionyesha inapunguza mwendo wa aina fulani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazochangia uvimbe. Hiyo ni maabara, si ndani ya mgonjwa, kwa hiyo tusiitangaze kama dawa. Mimi naipendea mvuke wake tu, pua ikiziba.

*Mchangiaji wa 5*
Wangu ni ushamba mtupu. Nilipika ya mifupa ya ng'ombe siku nzima, usiku nikaiweka kwenye friji. Asubuhi nakuta imeganda, inatikisika kama jeli. Nikajua imeharibika, nikaimwaga yote.

*Mwanzisha mada*
Uwiii! Ndugu yangu, hapo ndipo ilipokuwa imeiva! Ile kolajeni ya kwenye mifupa na maungio ikichemka muda mrefu inageuka jelatini, na jelatini ikipoa huganda. Ungeipasha ingerudi maji, tena nzito, yenye kushika midomo.

Halafu wakuu, nimeonja. Chumvi imezidi. Naongeza maji ya moto, na asije mtu na habari ya kutumbukiza kiazi. Nimeshajaribu: kinafyonza maji yale yale na chumvi yake, supu inabaki kali vile vile. Sasa imekuwa sufuria la watu sita na niko peke yangu.

*Mchangiaji wa 2*
Igandishe kwenye vikopo. Wiki mbovu haziishi.