Bonde la Msimbazi: watu watoke, au mto utengenezwe?

Mzee wa Mizani: Wakuu, tusitukanane. Kila masika barabara ya Jangwani hapa Dar inafungwa, daladala zinazunguka mji mzima. Sasa kuna mradi wa bonde, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa 2022, na daraja jipya ni sehemu yake. Nauliza moja tu: waliobaki bondeni watolewe wote, hata waliorithi nyumba kwa wazazi, au mto upanuliwe, uzolewe mchanga, watu wabaki? Mimi nasema watoke. Maji hayasomi hati.

Kinyerezi Juu: Watoke mara ngapi, mkuu? Walipelekwa Mabwepande, kule pembezoni mwa mji, 2010 sijui 2011, wakauza viwanja, wakarudi. Mtu kajenga ndani ya mita 30 za mto halafu analaumu serikali. Na tusifichane, wingu likitanda tu hao hao wanatapisha vyoo, uchafu unabebwa na mvua, sisi wapita njia tunakanyaga.

Bint Hananasif: "Hao hao" ndio akina nani? Nimezaliwa Hananasif na choo cha kwetu hakijatapishwa hata siku moja. Kikijaa mama alimwita chura, yule mpakua vyoo kwa mikono, anakuja usiku na ndoo zake, anapakua, anafukia uani, asubuhi analipwa. Ukiniambia nimejenga bondeni nitakusikiliza. Uchafu usinipakazie.

Makolo Damu: Chura alifuata nini Hananasif? Si makao yake makuu yako Jangwani?

Mwananchi 1935: Nilijua tu. Watu wanaongelea mafuriko, kolo wa Simba akisikia chura anaiwaza Yanga. Na wewe klabu yako mnaiita Msimbazi, jina la huo huo mto unaonuka. Umechekesha.

Makolo Damu: Msimbazi yetu ni mtaa, Kariakoo, pakavu. Nyie mvua ikinyesha uwanja wa mazoezi unakuwa bwawa la kambale.

Mwananchi 1935: Kambale wanaobeba makombe. Endelea kucheka.

Mzee wa Mizani: Vijana, mada.

Mstaafu wa Ardhi: Niweke kumbukumbu sawa. Ni mita 60, si 30, na imo katika Sheria ya Mazingira ya 2004. Mabwepande ilikuja baada ya mafuriko ya Desemba 2011, walikufa watu zaidi ya 40. Bomoabomoa ya alama za X nyekundu ni mwisho wa 2015 kuingia 2016. Jambo jingine: sensa ya 2002 Dar ilikuwa na watu kama milioni 2.5, ya 2022 ni milioni 5.38. Viwanja vilivyopimwa havikukimbia na idadi hiyo. Watu walinunua kwa mjumbe, kwa karatasi ya kuandikiana, bondeni na mlimani vilevile. Hata huko Kinyerezi.

Kinyerezi Juu: Mzee, kiwanja changu kimepimwa. Hati ninayo kabatini.

Mzaramo wa Pugu: Hati unayo, na maji ya bati lako yanakwenda wapi? Mto huu unaanzia huku kwetu Pugu. Zamani mvua ikinyesha, minazi na vichaka vinainywa, mto unapanda taratibu, mtu anawahi kuhamisha mbuzi. Siku hizi kuanzia Kinyerezi kushuka chini ni bati, zege na pevingi mpaka getini. Mvua ya saa moja inafika Jangwani kwa mkupuo, na imebeba mchanga wa vilima vyenu. Mchanga unajaza mto, kina kinapungua. Halafu maji yakifika daraja la Salenda, mto unapoingia baharini, yakakuta bahari imejaa, yatoke wapi? Yanarudi nyuma, yanaingia vitandani kwa watu.

Kinyerezi Juu: Kwa hiyo pevingi yangu ndiyo imeua watu? Nimejinyima miaka sita kuweka hizo pevingi, kabla ya hapo gari lilikuwa linakwama kwenye tope. Tuheshimiane.

Bint Hananasif: Kaka, hakuna aliyesema umeua. Ila 2011 nilikuwepo. Maji hayakuingilia mlangoni, yalianza kuchemka kwenye shimo la choo, yakaja ukumbini. Tuliweka kitanda juu ya matofali, mawili kila mguu, tukaongeza la tatu, yakaisha matofali. Alama ya tope ukutani mpaka leo ninayo, iko juu ya swichi ya taa. Shangazi alipata kiwanja Mabwepande, akaanzia kwenye hema. Biashara yake ni samaki wa Feri. Alfajiri ashuke mjini, jioni arudi na ndoo inanuka, makondakta wanamkataa. Ndiyo, aliuza. Ningekuwa yeye ningeuza mapema zaidi.

Mzee wa Mizani: Basi wewe unasema wabaki?

Bint Hananasif: Nasema mtu akihamishwa ahamishiwe anapoweza kupata ugali. Mimi mwenyewe nimepanga Tabata sasa.

Dada wa Upanga: Mnawasema watu wa bondeni kwa vyoo, wakati maji taka ya katikati ya mji yamemwagwa baharini kwa bomba miaka nenda rudi. Tofauti ni kwamba letu limefukiwa.

Kinyerezi Juu: Hilo sikatai. Kwani gari la kunyonya kwenu linachukua ngapi? Huku jana nimeambiwa 120,000, na shimo lenyewe halijajaa.

Bint Hananasif: Umepigwa. Tabata mwezi uliopita nililipa 80,000, ila walitaka barabara pana. Kwetu Hananasif halipiti kabisa, vichochoro vile hata bajaji inakwangua.

Makolo Damu: Ndiyo maana mlimwita chura.

Mwananchi 1935: Anaanza tena huyu.