Naomba ushauri: bastola kiunoni, risasi iwe chemba au isiwe?

Msafiri wa Usiku: Wakuu, habarini. Kazi yangu ni kusafirisha fedha za watu, kibali ninacho, silaha ninayo. Linaloninyima usingizi ni moja: nitembee na risasi chemba, yaani ndani ya mtutu tayari kulia, au niache chemba tupu nikoki siku ya shari? Nikishafunga sefti, kile kitufe cha kuizuia isilie, kwa kidole gumba si imetosha? Mke wangu hataki hata kukaa karibu nami nikiwa nayo. Natanguliza shukrani, matusi hapana.

Mja wa Mola: Kaka, tafuta kazi nyingine. Riziki anagawa Mungu, na anayebeba chuma kila siku iko siku hasira itamwambia akitumie.

Dada wa Zamu: Mimi natembea na Glock, hata hicho kitufe haina. Vizuizi vyake vitatu viko ndani: ulimi mdogo katikati ya triga, kizuizi kinachoziba njia ya pini inayogonga risasi, na kingine kinachoshikilia mtambo usichomoke ukipata kishindo. Vyote vinafunguka kwa kuvuta triga tu. Ndiyo maana imetengenezwa isilie ikidondoka, lakini pindo la shati likinaswa kwenye triga wakati unairudisha mkobani, inalia kama umeivuta mwenyewe. Mwalimu wetu alikuwa mkali jamani! Unainua nguo kwa mkono mmoja, unatazama, ndipo unairudisha polepole, kidole nje. Ukiharakisha unaanza upya mbele ya wenzako wote. Namwombea heri yule mzee popote alipo.

Fundi Chuma: Dada kasema vyema ila hajamjibu mwenye uzi. Mkuu, ni aina gani? Sefti si kitu kimoja. Kuna inayozuia triga, kuna inayofunga hama, ile nyundo ya nyuma inayopiga pini, kuna inayoziba pini. Bastola ya 1911, aliyoibuni Browning, ina sefti ya kidole gumba na nyingine kwenye kishikio, na bado mwaka 1983 watengenezaji wake Colt waliiongezea kizuizi cha pini, kwa sababu ikidondoka kwa mdomo pini inaweza kwenda mbele kwa uzito wake yenyewe. Bila kujua aina, hapa tunapiga ramli.

Msafiri wa Usiku: Aina ya nini tena? Ni ya kawaida tu, imara, ya zamani kidogo. Nimeuliza habari ya chemba.

Kidoti: Na unaichomeka upande gani? Maana kama ni mbele, wanao ambao hawajazaliwa wana haki ya kushirikishwa.

Fundi Chuma: Kidoti anatania ila kauliza la msingi. Mkuu, taja aina, hama inakaaje, na mkoba gani wa bastola unatumia.

Msafiri wa Usiku: Haya. Tokarev TT-33. Risasi iko chemba, hama naiacha nusu koki, yaani imevutwa nyuma kidogo tu, sefti nafunga, kisha naichomeka kiunoni, mkanda unaibana. Mkoba unatuna chini ya shati, kila mtu anajua umebeba. Ni kweli mara nyingine nikifika nyumbani nakuta sefti imefunguka yenyewe, nadhani ni msuguano wa mkanda. Lakini hama ikiwa nusu hailii, na haijawahi. Halafu mkoba nimeshaagiza, wa kitambaa laini, pesa nimelipa.

Shahidi wa Pili: Chai hii. Tokarev haina sefti ya kidole gumba, ina nusu koki peke yake. Jamaa anatunga. Mkimaliza kumfundisha atawaletea hadithi ya majambazi.

Kidoti: Tuongeze sukari?

Mja wa Mola: Nami nilihisi. Aliyekwama kweli hafichi aina ya silaha yake.

Fundi Chuma: Subirini. Za jeshi la Kisovieti hazina, hapo Shahidi yuko sawa. Lakini sheria ya Marekani ya 1968 iliweka masharti kwa bastola zinazoingizwa nchini humo, kwa hiyo Tokarev za Romania na za China zilizopelekwa huko zilipachikwa sefti. Ya Romania huzuia triga tu, hama haishiki. Kwa hiyo kitufe kinachofunguka kwa mkanda mimi nakiamini, na ndicho kinachonitisha.

Msafiri, nusu koki inafunga triga na slaidi, ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma, kweli. Ila kinachoishikilia ni ncha ndogo ya chuma iliyoingia kwenye pengo la hama. Ncha ikilika, au bastola ikiangukia mgongo wa hama, mbele yake hakuna kingine: TT haina kizuizi cha pini. Na kuifikisha hapo risasi ikiwa chemba, unavuta triga huku umeishika hama kwa kidole gumba. Unafanya hivyo nyumbani, mkeo akiwa chumba cha pili? Chemba tupu, mkuu. Kwa TT sina jibu jingine.

Msafiri wa Usiku: Jambazi atanisubiri nikoki?

Dada wa Zamu: Hatasubiri. Basi omba kubadilishiwa silaha, upate yenye kizuizi cha pini, na mkoba mgumu. Plaxico Burress, mchezaji wa New York Giants, mwaka 2008 alichomeka Glock kiunoni bila mkoba. Ikateleza mguuni, akaikamata, akajipiga paja. Akahukumiwa miaka 2 jela. Bastola haikuwa mbovu, triga ilibanwa. Na hicho kitambaa laini ulichoagiza kikijikunja kinaingia kwenye triga vilevile.

Shahidi wa Pili: Kama si chai, weka picha ya sefti.

Fundi Chuma: Aweke, nione inazuia nini. Ila kwanza mdomo uelekee mahali salama, kidole nje ya triga. Magazini itoke. Halafu koki hama kikamilifu, maana ikiwa nusu slaidi haisogei. Ndipo uvute slaidi, utazame chemba, uipapase kwa kidole. Ukivuta slaidi magazini ikiwa ndani, risasi nyingine inapanda.

Msafiri wa Usiku: Magazini imetoka. Risasi ya chemba imeangukia godoro, chemba nimepapasa, tupu. Picha naweka mke akirudi, simu yenye kamera nzuri ni yake. Muuza mkoba nimemwandikia, kasema pesa hairudi.

Fundi Chuma: Mwulize kama anabadilisha na mgumu unaofunika triga yote. Ongeza tofauti.